Kuisimamisha Betri Kabla Haijafa

Ndani ya betri ya lithiamu yenye elektroliti kavu ya polima hakuna kimiminika cha kushika moto. Kuna utando mwembamba kuliko unywele, wa plastiki iitwayo polietilini oksaidi iliyochanganywa na chumvi ya lithiamu. Peter Wright na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliueleza mchanganyiko wa aina hiyo mwaka 1973, na miaka michache baadaye Mfaransa Michel Armand akapendekeza utumike kwenye betri. Utando huu hutaka joto la nyuzi 60 hivi au zaidi ndipo ioni zipite vizuri. Volti zikizidi 4 hivi, minyororo ya polima huanza kuharibika. Hata volti zikiwa salama, kuna adui mwingine: bamba la metali ya lithiamu lililogusana na utando huota vichipukizi vinavyoutoboa mpaka betri inapiga shoti.

Kazi ninayoihusudu katika jambo hili ni ya Katherine Harry, Nitash Balsara na wenzao wa Berkeley, California, iliyochapishwa mwaka 2014. Seli iliyokwisha kupiga shoti huonyesha jeraha la mwisho tu. Ukijaribu kuifungua, lithiamu imegandamana na utando, na ukiubandua umevuruga ushahidi wote. Wao hawakuubandua. Waliiweka seli mbele ya eksirei kali na kuizungusha kidogo kidogo, picha baada ya picha, hadi kompyuta ikajenga umbo zima la ndani. Si kazi ya pupa: lithiamu ni nyepesi mno, eksirei hupita humo karibu bila kuacha kivuli, na jicho lazima lizoee kusoma kingo hafifu.

Ila ustadi mkubwa zaidi, kwangu, ni kule kujua pa kukomea. Baadhi ya seli waliziacha zife. Nyingine walizisimamisha mapema, zikiwa bado zinafanya kazi na hazina dalili yoyote ya ugonjwa, kama mkulima anayeng'oa shina moja la muhogo kila baada ya muda aone mizizi imefika wapi. Ni nani huwa na moyo wa kukatiza jaribio linalokwenda vizuri?

Seli hizo zilizokatizwa mapema ndizo zilizotoa habari. Katika hatua za mwanzo, sehemu kubwa ya kichipukizi haikuwa kwenye utando hata kidogo. Ilikuwa chini, ndani ya lithiamu yenyewe. Juu ilionekana nundu ndogo tu ikiusukuma utando. Umeme ulivyozidi kupita, nundu ilipanda hadi ikatokea upande wa pili. Na kwenye vitako vya vichipukizi hivyo palikuwa na punje za uchafu.

Hadi hapo juhudi nyingi zilielekezwa kwenye kuufanya utando uwe mgumu zaidi. Sasa ilibidi kuikagua pia lithiamu: imekuja na nini ndani yake, kabla umeme wa kwanza haujapita.