Koo Kama Maktaba: Uhakiki wa Kazi ya Hukwe Zawose Katika Uimbaji, Utafiti na Ufundishaji

Makala haya yanahakiki kazi ya Hukwe Zawose, mwimbaji wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, kwa kuuliza: muziki wa kale huhifadhiwa na maandishi au na mwalimu? Swali hili ni zito kwa Sanya Juu, wilayani Siha, kama lilivyo kwa Dodoma alikotoka msanii huyo. Huku Kilimanjaro, Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Old Moshi, alichapisha mafundisho ya jando ya Wachaga katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Kazi hiyo ni hazina. Hata hivyo, karatasi ilitunza maneno tu. Haikutunza pumzi, mwendo wala kiimbo cha mzee aliyefundisha.

Zawose alifuata njia nyingine. Katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, aliimba, aliunda ala na alifundisha. Shughuli hizo hazitenganishiki. Mizani ya sauti za Kigogo hukaribiana na sauti za asili zitokazo katika uzi mmoja unaotetema, wala hailingani na vidole vya kinanda cha kanisani. Hivyo, anayeunda ilimba hana budi kuwa na sikio lililofunzwa kwa kuimba. Kila ala aliyoilinganisha ilikuwa hoja ya kitafiti, ingawa haikuandikwa kama tasnifu.

Udhaifu unajitokeza pale kazi hiyo ilipoingia katika soko la dunia. Katika albamu ya Chibite (1996), sauti, zeze na ilimba hupokezana kwa nafasi, na msikilizaji husikia mazungumzo. Katika Assembly (2002), aliyoishirikiana na Michael Brook, mapigo ya studio huubana mwendo huo. Koo la Zawose linabaki na nguvu, lakini ilimba mara nyingine hugeuka pambo. Aidha, wanawake, ambao katika mila ya Kigogo ndio wapigaji wa ngoma ya muheme, walibaki zaidi waitikiaji katika jukwaa la familia yake. Albamu ya Maisha (2024) ya Pendo na Leah Zawose inasahihisha upungufu huo, na papo hapo inathibitisha kuwa ufundishaji wa nyumbani ulizaa matunda.

Uhakiki huu unahitimisha kuwa kurekodi hakutoshi. Mtafiti wa nyimbo za Kichaga anayemwendea bibi wa Sanya Juu na kinasa sauti, kisha akamwita mtoa taarifa, humpunguzia hadhi na hupoteza nusu ya elimu yake. Bibi huyo ni mwalimu. Mahali pake ni mbele ya darasa, na mtafiti aketi miongoni mwa wanafunzi, aimbe, akosolewe, aimbe tena.