Hongera Wapigapicha wa Baiskeli

Kutoka Bagamoyo mjini hadi magofu ya Kaole ni kama kilomita 5, mwendo wa baiskeli hasa. Nawapongeza wanaokwenda huko na kamera mgongoni, wakarudi na jengo zima la kuhifadhi kwenye kompyuta.

Kazi hii inataka subira. Unazunguka kaburi la mnara polepole, kila picha ikirudia sehemu ya iliyotangulia, ndipo programu iweze kulinganisha alama na kuunda umbo la pande tatu. Jua la utosi huleta vivuli vikali, afadhali mawingu. Wanapiga hata nyufa za chokaa na vishimo vilivyopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Hapo nawavulia kofia, maana mawe ya matumbawe yanaliwa na mvua na chumvi, na ufa wa leo mwakani si ule.

Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town imepima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa mashine za leza. Wa baiskeli hawana leza, ila hupenya vichochoro na vichaka visivyopitika kwa gari. Ombi langu: nakala za maumbo hayo ya pande tatu zifike shule za Bagamoyo kwanza.