Marumaru Zimebadilika, Uji wa Simenti Ni Uleule

Sebule tunayoichambua iko Ulongoni, Gongo la Mboto. Ni mita 4 kwa 5, imewekwa marumaru za poselini za sentimita 60 kwa 60, na haijamaliza miaka mitatu. Mchana mmoja wa jua kali safu mbili za katikati zilinyanyuka kwa kishindo, zikaegemeana kama mapaa ya kibanda. Zilizobaki, ukizigonga kwa ncha ya funguo, nyingi zinalia tupu. Jirani anasema ni joto. Fundi aliyeitwa kutazama anasema simenti ilichakachuliwa. Mwenye nyumba anaamini aliuziwa marumaru feki.

Marumaru ni nzima. Simenti nayo ni nzima, imeshika sakafu ya chini mpaka tindo inadunda. Kilichokosekana ni mshiko kati ya hivyo viwili, na ushahidi uko mgongoni mwa kila marumaru iliyong'oka: alama za mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, na kwingine kote mgongo ni mkavu, bila simenti. Ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Unga huo hupakwa kiwandani ili marumaru isigande kwenye rola za tanuri. Usipoufuta kwa kitambaa kibichi, gundi hushika unga, na unga haujashika kitu.

Ufundi wa mabonge na uji wa simenti haukuwa wa kijinga. Ulikuja na marumaru za seramiki za zamani, zenye mgongo mwekundu unaofyonza maji. Zile za ukutani zilifyonza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo maana mafundi walizilowanisha kwanza kwenye ndoo: zisinyonye maji yote ya simenti kabla haijakaza. Uji uliingia kwenye vitundu vya udongo, ukagandia humo humo, na marumaru ilishika.

Poselini ni kitu kingine. Imeshindiliwa kwa nguvu na kuchomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, mpaka sehemu ya udongo inayeyuka na kuziba vitundu. Kipimo cha kimataifa cha ISO 13006 kinaitaka isifyonze zaidi ya asilimia 0.5. Simenti tupu haina pa kuingia. Na ukiilowanisha kwenye ndoo kwa mazoea, unaongeza utando wa maji katikati, basi unakuwa umeharibu zaidi. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze vimesaidia kuzisogeza marumaru mpaka nyumba za kawaida za pembezoni mwa Dar, vipande vimekuwa vikubwa, na mikono inayovibandika bado inafuata somo la seramiki.

Gundi ya mfuko ilibuniwa kwa tatizo hili. Mwaka 1956 mhandisi wa kemia wa Marekani, Henry Rothberg, alianzisha kampuni ya Laticrete kwa wazo la kuchanganya simenti na utomvu wa mpira wa viwandani, ili tabaka jembamba lishike kuliko tope nene. Leo utomvu huo, yaani polima, huja ukiwa unga ndani ya mfuko, pamoja na selulosi inayozuia maji yasikimbie. Simenti hushika sakafu, polima hushika mgongo usiofyonza.

Tatizo ni kwamba dukani mifuko yote inaitwa "gundi ya tailizi". Geuza mfuko usome. Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 12004, C1 ni ile inayohimili angalau nyutoni 0.5 kwa kila milimita ya mraba, na C2 ni nyutoni 1, yaani kama kilo 10 kwa sentimita ya mraba. Herufi T maana yake haitelezi ukutani. E maana yake inakupa muda mrefu zaidi kabla haijafanya ngozi, dakika 30 badala ya 20. S1 inajikunja kidogo bila kuachia. Kwa poselini ya 60 kwa 60 mimi sichukui chini ya C2, na kwa hewa ya Dar naitafuta E. Dakika zile hupimwa maabara. Mlango ukiwa wazi na upepo unapita, zinapungua sana. Gusa gundi iliyotandazwa: kidole kikitoka kikavu, ikwangue, usibandike juu yake.

Lakini hata C2 ikiwekwa kwa mabonge matano ingeishia palepale. Nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko ni ya eneo lililoguswa tu, na mabonge hayagusi hata nusu ya marumaru. Huku jamvi jipya la zege linasinyaa kadiri linavyokauka, jua la mlangoni linatanua marumaru, na hapa zilibanwa ukuta hadi ukuta bila nafasi kwa sababu ya urembo. Zikakosa pa kwenda isipokuwa juu.

Kazi ya marudio ilianzia chini. Sakafu ya chini ilikuwa ya niru, laini inayong'aa, nayo niru ni adui wa gundi. Ilidonolewa kwa tindo chumba kizima, ikafagiwa, vumbi likafutwa. Maji yalitangulia kwenye ndoo, lita 5 na kidogo kwa mfuko wa kilo 20 kama ilivyoandikwa, unga ukafuata. Gundi ikaachwa ipumzike dakika chache, ikakorogwa tena. Ikianza kukaza ndooni haiongezwi maji. Hapa ndipo saidia fundi huharibu kazi kwa nia njema.

Mwiko ulikuwa wa meno ya milimita 10, mistari ikipigwa upande mmoja ili hewa itoke, na mgongo wa kila marumaru ukapakwa utando mwembamba. Marumaru ililazwa, ikasukumwa huku na huku kukatiza mistari mpaka ikalala. Kisha likaja jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa: kuing'oa moja ikiwa bado mbichi na kutazama mgongo. Ya kwanza ilikuwa na mapengo pembeni. Fundi alilaza mwiko kupita kiasi. Akauinua, iliyofuata ikatoka imejaa. Kati ya marumaru iliachwa milimita 3, na pembeni mwa kuta milimita 10 zinazofichwa na sketi. Sebule ilikula mifuko sita. Fundi anayelipwa kwa mita hawezi kufanya haya kwa bei ya mabonge, na mwenye nyumba anayemkaba bei asishangae.

Kwa sakafu ya chumba cha kulala, mwenye nyumba alitaka mbao. Gundi nyeupe ya maji inayotumiwa na maseremala wa Keko ni nzuri kwa fenicha. Chini ya sakafu, unyevu ukipanda, ya kawaida hulainika. Mbao hutanuka kwa upana kila hewa inapobadilika, hivyo gundi yake iwe ya kunyumbuka, ya poliurethani au ya silani. Mbao za kutoka nchi za nje zilizokaushwa hadi asilimia 8 zitavimba Dar, ambako mbao hutulia karibu na 14. Mninga una sifa ya kucheza kidogo sana. Msaji una mafuta, ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupakwa.

Kabla ya kununua chochote, kipande cha nailoni kilibandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote, kikaachwa siku nzima. Kilipofunuliwa, upande wa chini ulikuwa na jasho. Chini ya jamvi hakukuwekwa nailoni wakati wa kujenga, na eneo lenyewe linashuka kuelekea bonde la Msimbazi. Mninga haukununuliwa. Chumba kitapata poselini, kwa mwiko uleule wa meno ya milimita 10.