Msilaumu Kiswahili kwa vitufe vifinyu

WIKI mbili zilizopita, karani wa idara yetu aliingia ofisini mwangu na uso wa mtu aliyefiwa. Alama za wanafunzi 42 alizokuwa akiziingiza tangu asubuhi zilikuwa zimepotea. “Prof, haki ya Mungu mimi nilibonyeza hifadhi,” akaniapia. Nikamfuata hadi kwenye kompyuta yake nikajionee.

Programu yenyewe ni kidirisha kidogo alichokiandika kijana mmoja hodari kwa Python, akitumia Tkinter. Mwanzoni kilikuwa cha Kiingereza, na chini kabisa kulikuwa na vitufe viwili: “Save” na “Discard”. Baadaye, kwa ombi letu sisi watu wa Kiswahili, vikageuzwa kuwa “Hifadhi alama” na “Usihifadhi alama”. Upana wa vitufe haukuguswa. Sasa, Tkinter usipoiambia vingine, huweka maandishi katikati ya kitufe, na yakizidi nafasi hukatwa pande zote mbili. Kwenye skrini ya karani, kitufe cha kwanza kilisomeka “ifadhi ala”. Cha pili kikasomeka “hifadhi ala”. Wewe msomaji ungebonyeza kipi?

Nilipompigia simu, kijana hakusita. “Prof, shida ni Kiswahili. Maneno yake ni marefu mno. Wacha nifupishe.” Akapendekeza “Hif.” na “Usihif.” Hapo ndipo tulipokosana.

Ni kweli “Hifadhi” ina herufi 7 na “Save” 4. Lakini “Futa” ni fupi kuliko “Delete”, na “Pakua” ni fupi kuliko “Download”. Kosa la kijana lilikuwa kwenye amri aliyoichagua. Vitufe alivipanga kwa “place”, akavipa pikseli 55 za upana, basi. Nambari hiyo ilipimwa kwa lugha moja, kwa fonti moja na kwa skrini moja. Ni kama fundi anayemshonea shati kila mteja kwa kipimo cha mteja wa kwanza, kisha anawalaumu wenye vitambi.

“Lakini mtu anaweza kuvuta pembe ya dirisha likapanuka,” akajitetea alipofika. Tukavuta. Dirisha likapanuka kweli. Vitufe vikabaki palepale, vimebanwa vilevile, kando yao uwanja mtupu wa kuchezea kandanda.

Na dawa imo humohumo. Tk, iliyobuniwa na John Ousterhout alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ina miaka zaidi ya 30, na ina mpangilio uitwao “grid”. Humo kila kitufe kwanza hutangaza nafasi kinayohitaji kulingana na maneno yake, kisha safu hupimwa ipasavyo. Kuna mtego, hata hivyo: uzito wa kila safu huanza na sifuri, kwa hiyo dirisha likipanuliwa safu haipanuki nalo. Sharti uipe uzito, ukibandike kitufe kwenye kingo za safu yake, halafu uliwekee dirisha kipimo cha chini ili asije mtu akalibana tena. Hiyo ni mistari michache tu.

Nasisitiza kwa sababu kitenzi chetu kimebeba mzigo kichwani na mkiani. Ukikata kichwa cha “Usihifadhi”, ukanushi umekwenda. Ukikata mkia, “Funga” na “Fungua” zote zinabaki “Fung”. “Close” na “Open” hata zikikatwa vibaya bado zinatofautiana.

Hata sisi wanalugha hatujasalimika. Tumebishana miaka na mikaka kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na wakati wa kutafsiri tunakubali kuletewa orodha ya maneno kwenye karatasi bila kuoneshwa dirisha yatakamokaa. “Usihifadhi alama” niliipitisha mimi mwenyewe. Kisarufi haina doa. Ila vitufe viwili vinavyopingana, vinavyotofautiana kwa kiambishi tu, ni tafsiri ya uvivu hata pakiwepo nafasi ya kutosha, na ningeliona hilo mara moja kama ningelikiona kidirisha chenyewe.

Kijana alirudi Ijumaa na “grid”. Nami nikampa “Hifadhi alama” na “Tupa”. Tukalivuta dirisha, tukalibana, tukakuza fonti kwa ajili ya macho yangu ya uzee. Maneno yakabaki mazima. Karani ameziingiza upya alama zote 42, na bado husoma kila kitufe kwa sauti kabla ya kukibonyeza.