Simba wa Tsavo na Fani ya Kuficha

Mtu wa Voi hana haja ya kufundishwa kuwaogopa simba wa Tsavo, kwani daraja ambalo ujenzi wake ulisimamishwa na madume wawili mwaka 1898 liko mwendo mfupi tu kwa reli, upande wa kwenda Nairobi. Lakini kuitia hofu hiyohiyo katika moyo wa mtazamaji asiyepata hata siku moja kukanyaga nyika yetu ni fani yenye hesabu zake, nayo ndiyo niliyokusudia kuichambua katika filamu ya *The Ghost and the Darkness*, iliyotolewa mwaka 1996 chini ya uongozi wa Stephen Hopkins.

Asili yake ni kitabu cha mhandisi J. H. Patterson cha mwaka 1907, ambamo yasimuliwa kwamba vibarua waliitakidi kuwa wale hawakuwa wanyama bali roho za machifu wawili marehemu, walioghadhibishwa na reli kupita katika nchi yao. William Goldman, mwandishi wa mchezo, aliishika itikadi hiyo akaijengea filamu nzima, akawaita simba Mzuka na Giza, na kwa hayo akawatoa katika hesabu ya wanyama kabla hatujawaona.

Tazama sasa inavyotendeka. Aghalabu mtazamaji haonyeshwi simba, bali majani marefu yanayogawanyika pasipo upepo, na mtu aliyesimama katikati yake asijue ageukie wapi. Hila hii waijua pia mafundi wa michezo ya video: katika *Silent Hill* ya mwaka 1999 ukungu uliwekwa kwa kuwa mashine haikuweza kuuchora mji wote kwa mbali, na udhaifu huo ukawa ndio kitisho chenyewe, hata Christophe Gans alipoufanya mchezo huo filamu mwaka 2006 hakuthubutu kuuondoa ukungu. Kadhalika sauti, iliyompatia Bruce Stambler tuzo ya Oscar, hufika kabla ya mnyama. Hata hivyo Patterson mwenyewe ataja jambo kali zaidi, kwamba ngurumo zilipokoma ghafla ndipo kambi ilipotambua kuwa mauti yamekaribia, na watu wakaanza kupigiana kelele za tahadhari kambi kwa kambi.

Kosa kubwa la filamu, kwa maoni yangu, li katika singa. Simba waliotumiwa wana singa nene shingoni, ilhali wale wa kweli, ambao ngozi zao zilinunuliwa na makumbusho ya Field ya Chicago mwaka 1924, hawakuwa nazo kabisa. Dume mkubwa mwenye shingo tupu ni kiumbe ambacho jicho halijui likiweke fungu gani, na hakuna lililoifaa hadithi ya mizuka kuliko hilo. Tena filamu ilipigwa Songimvelo, Afrika Kusini, penye majani mengi; miiba ya Tsavo, ambayo vibarua waliikata wakazungushia maboma na simba wakapenya vivyo hivyo, haikupewa haki yake.

Basi enyi vijana wa Voi, Mwatate na Wundanyi mnaoshika kamera, kisa hiki kipigeni upya hapa hapa, katika udongo wetu mwekundu, usiku, kwa simba asiye na singa, wala msimtoe mbele ya macho ya watu mpaka ngurumo iwe imekoma.