Mchezo wa Kuigiza na Kilio cha Kolwezi

Mtu akifiwa na baba yake, majirani huja matangani. Mmoja huleta unga, mwingine kuni, na mwingine hana kitu ila kukaa kimya karibu naye. Lakini je, mji mzima ukifiwa na kazi yake, ni nani atakayeuwekea matanga? Wako wanaojibu kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na mchezo wa kuigiza. Sisi twapenda sana michezo hiyo, twaipenda tangu siku za shule, tulipovikwa mashuka tukawa Mamajusi wa Noeli. Ndiyo sababu twataka kuipima kwa haki, wala si kuipigia makofi tu.

Habari yenyewe wengi wenu mwaijua. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Baada ya miaka sitini serikali ya Mobutu iliitwaa, na baadaye ikapewa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto. Kisha mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, ulibomoka, na mambo yakazidi kuharibika, hata kufika mwaka 1993 shaba haikufika tani 50,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi, wengi wao wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Neno hilo hiari peke yake latosha kuwa mchezo mzima, na mtungaji mwenye akili hana haja ya kuongeza kitu.

Bwana Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo ni la kweli, kwa maana watu wenyewe walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Lakini jina la kweli katika kitabu cha historia laweza kuwa mtego jukwaani. Maana mtungaji akisha kupata Baba aliyeondoka na watoto wanaolia, mchezo wake umekwisha kabla haujaanza. Watazamaji watalia, watafuta macho, watakwenda kula bukari. Hakuna atakayeuliza baba huyo alikuwa wa namna gani. Baba huyo alijua mke wa mfanyakazi ana watoto wangapi kabla babu yao hajajua. Alimpa mwanamume kipimo cha unga kwa hesabu ya watoto wake, na mke akawa hana shamba wala sauti. Basi tuonyesheni na siku ya posho, si siku ya kuachishwa kazi tu. Mwonyesheni mama anayesimama mbele ya karani. Hapo ndipo twadhani mchezo ungeanza kupata uhai.

Tena liko neno ambalo michezo ya kilio hupenda kulifunika. Mwaka 1992 kule Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Walikuwa wamezaliwa hapo, wamebatizwa hapo, wamefanya kazi mgodini pamoja na wale waliowafukuza. Walikaa stesheni wiki nyingi wakingojea gari la moshi, na wengi walifia hapo hapo kwa magonjwa na njaa. Wakubwa wa siasa ndio waliochochea, ni kweli. Lakini nyumba ziliingiwa na majirani. Mchezo unaomlilia Baba aliyeondoka, usitaje ndugu waliofukuzwa, ni mchezo wa nusu. Twajua kwamba kulitaja jambo hilo mbele ya watu si rahisi. Wengine watatoka ukumbini. Hata hivyo, Wakristo wanaojua kuungama wasingeshangaa kuambiwa kwamba aliyeibiwa naye aliiba.

Na ile habari ya kupotea kwa kazi, je, ni sawa kuiita hivyo? Nenda ukasimame leo katika barabara ya Kolwezi kwenda Lubumbashi. Malori hayaishi. Shaba ya Kongo sasa yapita tani milioni 2 kwa mwaka, na kobalti ya nchi hii ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Katika mtaa wa Kasulo watu walianza mwaka 2014 kuchimba chini ya vyumba vyao wenyewe. Basi shaba haikufa. Kilichokufa ni yale mapatano kati ya mwenye mgodi na mwenye mikono. Mtungaji akileta jukwaani mashine zenye kutu na ukimya mtupu, anatudanganya, ijapokuwa anatudanganya kwa uzuri. Kelele ya malori ndiyo iliyotakiwa kusikika nyuma ya kila neno, mpaka wachezaji walazimike kupaza sauti.

Wageni nao wamejaribu. Mwezi wa Januari 2024, huko Geneva, uliimbwa mchezo mkubwa wa opera uitwao Justice. Mwongozaji ni Milo Rau, mtu wa Uswisi; muziki ni wa Hèctor Parra, na maneno ni ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi. Habari yake ni ya kweli: mwezi wa Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, lori lililobeba asidi ya migodi liligongana na basi, na watu wapatao ishirini wakafa. Hatutaki kuwa wachoyo. Kwamba wafu wa Kabwe waliimbwa mbele ya watu wenye mali katika mji wa Geneva, ni jambo jema, na maneno yaliandikwa na mtu anayeijua nchi yake. Lakini mchezo kama huo huwasemea wafiwa mbele ya wageni. Haufanyi kazi ya wafiwa kusemezana wao kwa wao. Rau mwenyewe labda aliliona hilo, kwani mwaka 2020 alileta Kolwezi ile mahakama yake ya mchezo, ambayo mwaka 2015 aliifanya Bukavu na Berlin, na ndani yake mashahidi huwa ni watu wa kweli wenye kusema yao. Hilo twalipenda zaidi kuliko opera, ingawa mavazi yake ni duni.

Tena msiende mbali, ndugu vijana, mkitafuta mwalimu. Lubumbashi palikuwa na kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa redio na televisheni. Kundi hilo halikuwa na kitabu cha mchezo. Mmoja alileta kisa, wote wakakijadili, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe wakati wa mazoezi, kwa Kiswahili kile kile cha mitaani. Mwaka 1986 walicheza habari ya mamlaka na jinsi inavyoliwa, katika kijiji cha Kawama, na wanakijiji wakiwa humo humo ndani ya mchezo. Mtaalamu Johannes Fabian aliyaandika mazoezi yao yote, akayatoa kitabuni mwaka 1990. Ukisoma, waona jinsi walivyobishana kwa muda mrefu kabla ya kucheza. Kwetu sisi ubishi ule ndio mchezo wenyewe. Siku ya kuonyesha ni kama siku ya mavuno tu.

Na huko Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru walijenga jukwaa lao kwa mikono yao, wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ni habari ya mtu maskini anayepoteza ekari yake moja na nusu, nayo inakwenda kujengwa kiwanda. Maneno yalisomwa mbele ya watu, nao wakayasahihisha: wazee wakasahihisha usemi, wafanyakazi wakasahihisha habari za mshahara. Katika mchezo huo sisi watu wa kanisa twachomwa kidogo, na pengine yatufaa. Baada ya wiki chache serikali iliukataza, Ngũgĩ akafungwa bila hukumu, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Watu hawabomoi jukwaa la mchezo usio na nguvu.

Twajua vijana watatuambia: sisi hatuna fedha, hatuna taa, ukumbi wetu unavuja. Mufwankolo walicheza uwanjani. Taka viti vya parokia, taka wazee wawili waliofanya kazi Kamoto, na bibi mmoja aliyepanga foleni ya posho. Waacheni waseme kwanza, nanyi msiandike upesi. Wakisema uongo, mwenzao atawasahihisha, maana walikuwapo wote.

Kisha siku ya kugawana nafasi itafika. Nafasi ya mkurugenzi itagombaniwa, kwani kila kijana hupenda kufunga tai na kufoka. Nafasi ya mjane itapata mwenyewe, na ya mchimbaji pia. Sisi twangoja kusikia ni nani atakayekubali kumwiga yule jirani aliyebeba kitanda cha mwenzake, hali mwenzake amelala sakafuni stesheni akingojea gari la moshi.