Simba Wanyika: Jina la Bendi na Kazi ya Watunza Kumbukumbu Zake

Historia ya bendi za dansi za Afrika Mashariki, kwa sehemu iliyo kubwa, haikutunzwa na vyuo bali na wapenzi wake. Hao ndio waliokusanya santuri zilizokuwa zikitupwa, wakanakili namba zilizochapwa juu ya lebo, jina la mtungaji na jina la kampuni, wakazipanga kwa taratibu; na siku hizi wameziweka katika intaneti, hata mtu aliye Nairobi, Amsterdam au Baray aweza kuzisoma na kuzisikiliza. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, na makala haya hayakusudii kuidharau. Yakusudia kuipima kwa kipimo kimoja tu, yaani kipimo cha lugha, na kwa mfano wa bendi moja.

Habari za bendi yenyewe zajulikana, nami nitazieleza kwa ufupi. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walianzia Tanga, katika bendi ya Jamhuri Jazz. Kiasi cha mwaka 1970 walikwenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Na mwaka 1971 wakahamia Kenya, ambako bendi iliitwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji, akiwamo Omar Shabani aliyekuwa na gitaa la kati, walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, ambayo wimbo wake wa Sina Makosa ulienea pande zote. Baadaye Issa Juma, aliyekuwa mwimbaji wa Les Wanyika, naye alitoka akaanzisha Super Wanyika Stars. Ndugu wawili waliobaki na jina la kwanza walifariki katika miaka ya 1990, George akitangulia.

Basi mtunza kumbukumbu ana mti wenye matawi mengi, na kila tawi lina jina linalofanana na lenzake. Aghalabu taabu yake yote huwa ni kujua nani alipiga wapi na mwaka gani, maana lebo za santuri hizo mara nyingi hazikutaja mwaka. Anapofika kwenye jina lenyewe hasiti: huandika ya kwamba Simba Wanyika ni “simba wa nyika”, akalifasiri kwa lugha yake, akaendelea na safari. Wengine husahihisha tahajia kabisa, wakaandika Simba wa Nyika kama sheria ya Kiswahili sanifu itakavyo. Hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono asipite.

Kwa sheria ya uandishi iliyokubaliwa tangu zama za Kamati ya Lugha, kihusishi cha “-a” huandikwa mbali na jina linalokifuata. Simba wa nyika ni maneno matatu. Lakini lebo zilichapwa maneno mawili, nayo yakasomeka kwa namna nyingine: Wanyika, jina la ngeli ya watu katika wingi, kama Waswahili au Wapare. Sikio haliwezi kuamua kati ya hayo mawili. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nayo ni “nyi” katika “wa nyika” na katika “Wanyika” vilevile. Aliyeupokea muziki huu kwa redio tu hakuwa na njia ya kujua kama pana nafasi kati ya silabi hizo au hapana. Baray ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Katika kata hiyo ya Karatu, upande wa Ziwa Eyasi, hukutana lugha nne zisizo za ukoo mmoja: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kihadza ambacho ndugu yake hajapatikana, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Msikilizaji wa huko, ambaye lugha ya mama yake haina “wa” huyu wa Kibantu, angewezaje kukata jina hilo vipande vitatu kwa kulisikia tu? Shahidi pekee wa mahali ilipo nafasi ni maandishi ya lebo.

Tena liko jambo jingine, nalo kwangu ndilo kubwa. Katika “simba wa nyika” hakuna alama ya umoja wala ya wingi. Simba mmoja ni wa nyika. Simba kumi ni wa nyika. Jina “simba” halibadiliki, na kihusishi chake, kwa kuwa simba ana uhai, ni “wa” kotekote. Je, simba ni nani katika bendi hiyo? Ni Wilson, kiongozi na mwimbaji? Ni ndugu wa tumbo moja? Au ni kila apigaye ala? Jina haliamui, na katika bendi iliyoundwa na ndugu kisha ikapokea wageni, kutoamua huko kulikuwa na faida kwa muda.

Walipojitenga wale wa mwaka 1978, walilikata jina. Walimwacha simba, wakachukua neno la pili, wakalitangulizia “Les”, kibainishi cha wingi cha Kifaransa. Mtindo huo ulikuwapo Nairobi kabla yao. Les Mangelepa, waliojitenga na bendi ya Baba Gaston mwaka 1976, walikuwa na neno hilohilo mbele ya jina lao. Kwa hiyo yaweza kusemwa ya kwamba Les Wanyika walifuata desturi ya mji tu. Nakubali. Walakini desturi haikuwapa ruhusa ya kukata mahali popote. Kama “wa” angebaki kuwa kihusishi, asingeweza kutengwa na simba wake: hakuna Mswahili awezaye kuiita bendi “Les wa Nyika”. Kilichowezesha mkato huo ni kule kuunganishwa kwa maneno juu ya lebo. Wanyika walikwisha kuwa watu, na watu waweza kuhama, waweza kugawanyika, waweza kumfuata Issa Juma wakawa Super Wanyika Stars. Wingi uliokuwa umefichika katika jina la kwanza ulidhihirishwa kwa lugha ya kigeni, nao waliojitenga ndio walioudhihirisha.

Atatokea msomaji aseme ya kwamba nimejenga nyumba juu ya uzembe wa mchapaji. Huenda mchapaji alikuwa mzembe. Katika uchunguzi wa lugha asili ya umbo si kitu kama matumizi yake. Maneno mangapi tunayo ambayo yalizaliwa kwa kosa, na leo yamo katika kamusi? Kosa likishapata wana na wajukuu huwa si kosa tena, bali ni ukoo. Na anayeandika leo “Simba wa Nyika” kwa nia njema ya kusahihisha amemkata babu katika ukoo huo, wala mwenye kusoma orodha yake hataweza kueleza wajukuu walitoka wapi.

Maana ya “nyika” nayo imedhulumiwa. Tafsiri zinazoenea humpa msomaji picha ya mbuga za watalii, nyasi za dhahabu na mti mmoja katikati. Mtu wa pwani akisema nyika husema pori kavu lililo nyuma yake, pasipo maji, akaako mtu asiyekuwa mwungwana kwa macho yake. Neno Wanyika lilikuwa jina walilopewa na wenzao wa pwani watu ambao leo twawaita Wamijikenda. Wamisionari walilichukua, hata Krapf na Rebmann wakaipa jina la Kinika kamusi yao iliyochapwa mwaka 1887. Na wenyewe wamelikataa kwa sababu lina dharau ndani yake. (Asili ya jina la Tanganyika siigusi hapa, imekwisha kula karatasi nyingi.) Sasa tazama: vijana wa Tanga, mji wa pwani, wanapanda bara hadi Arusha, kisha wanajitangaza Nairobi kwa jina la nyika. Mimi naliona hilo kuwa majigambo yenye kicheko ndani yake: tusi la pwani limevishwa ngozi ya simba. Mwingine aweza kulisoma vingine, lakini hawezi kulisoma kabisa ikiwa mbele yake pana tafsiri tu.

Jirani na Baray upo mfano wa nje ya muziki. Ziwa tulijualo kuwa Eyasi liliandikwa na Wajerumani kwa jina la Njarasa, na fuvu la kale ambalo Ludwig Kohl-Larsen alilipata kando yake mwaka 1935 lilipewa jina la kitaalamu Africanthropus njarasensis. Mtunza nyaraka mwenye bidii mbaya angeweza kupita akisahihisha kila Njarasa kuwa Eyasi. Jina la fuvu lingebaki peke yake, halina ziwa. Mwenye busara huandika lililoandikwa, kisha huweka la leo kando yake, na yote mawili hupatikana kwa atakayetafuta.

Hilo ndilo ninalolidai kwa santuri. Jina la bendi liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo juu ya kila lebo, hata likitofautiana na la lebo iliyotangulia. Vivyo hivyo majina ya watu: Wilson Peter na Wilson Kinyonga ni mtu mmoja, lakini pale kampuni ilipotumia hili na pale ilipotumia lile pana habari. Na mahali wimbo ulipogawanywa pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, wasiziunganishe kimya kimya kuwa faili moja. Mpigaji alijua ya kwamba msikilizaji atainuka kuigeuza sahani, naye alipanga mwisho wa upande wa kwanza kwa kujua hivyo.

Maneno ya nyimbo yana hali mbaya kuliko majina. Yaliyonakiliwa mara nyingi yamenakiliwa na wasiojua Kiswahili, kwa msaada wa rafiki, nao wamejaza kwa kubahatisha palipofifia. Lawama hapa siwapi wao. Sisi wenye taaluma ya lugha tumehariri tenzi kwa ustadi, tukalinganisha miswada, tukabishana juu ya mizani na herufi moja ya Kiarabu. Nyimbo zilizosikilizwa na maelfu kila jioni tukaziacha mikononi mwa mwenye mapenzi na asiye na kamusi. Kazi ya kwanza yaweza kuanza na bendi hii hii: kuzikusanya lebo zote za Simba Wanyika zilizochapwa kabla ya mwaka 1978, na kutazama kama ipo hata moja ambayo mchapaji aliacha nafasi baada ya “wa”.